Nani Anamdai Nani Hapa Nyumbani?

Wiki hii nimepewa ukurasa huu niendelee pale tulipoachia Jumapili, yaani 1 Wakorintho 13, na nimeamua kukaa kwenye mstari mmoja tu, wa 5, na ndani ya huo mstari neno moja tu. Wale mnaonijua mnajua kwamba kabla ya kuitwa madhabahuni nilisomea biashara chuo kikuu. Uhasibu ulikuwa karibu kuniua, na baadaye ndio ulionilisha. Kwa hivyo Paulo akianza kuongea lugha ya watu wa hesabu, mimi hukaa wima kwenye kiti.

Na hapo anaiongea. Anaposema kwamba upendo hauweki ubaya kwenye hesabu, neno la Kigiriki aliloandika ni logizomai, neno ambalo wafanyabiashara wa siku zake walilitumia kwa kuingiza kitu kwenye akaunti ya mtu. Ndilo hilo hilo analolirudia zaidi ya mara kumi katika Warumi 4, akieleza jinsi imani ya Abrahamu ilivyoandikwa upande wake kuwa haki. Biblia yetu ya Union imetumia kitenzi kimoja pale na hapa, kuhesabu. Tungesema kwa lugha ya dukani, upendo hauna leja ya kuandikia makosa ya watu.

Sasa swali. Je, hiyo ina maana kwamba nyumba ya Mkristo haifai kuwa na hesabu yoyote? Mume na mke wasijue nani alifanya nini, nani alilipa nini, nani aliamka usiku mtoto akilia? Nauliza kwa sababu kwenye ushirika wa wanandoa dada mmoja aliinua mkono akasema, "Mchungaji, kama upendo hauhesabu, mbona mzee wangu anahesabu vipande vya nyama kwa sufuria?" Tulicheka sana. Mzee mwenyewe alicheka kutushinda. Lakini nilimwangalia yule dada, na sura yake ilikuwa ya mtu anayengoja jibu.

Naona huu mstari tunauharibu kwa njia mbili. Kuna wale tunaoubandika ukutani pale sebuleni, chini ya saa, na huku kifuani tuna leja kubwa kuliko ya benki. Na kuna wale wanaoutumia kama kufuli ya mdomo wa mwenzao. Nianze na wa kwanza, kwa sababu hao ni rahisi kuwacheka, na nikiwacheka najicheka.

Akili ya mtu aliyeoa au kuolewa ni kitu cha ajabu. Asubuhi hii hajui alipoweka funguo. Lakini anakumbuka 2016, mwezi wa nane, harusi ya binamu, alivyoachwa stendi na mvua inanyesha, na aliyemwacha alikuwa amevaa shati gani. Hii leja haihitaji tokeni za stima, inawaka saa zote. Ugomvi unaanza na chumvi kwenye mboga. Baada ya dakika tatu mko 2016. Mkipewa dakika tano mnafika kwa wakwe.

Na tusijifanye ni sisi tu. Hata Paulo mwenyewe, yule aliyeandika mstari wetu, soma barua yake kwa Filemoni, mstari wa 18 na 19. Anamwombea Onesimo, anamwambia Filemoni kwamba kama kuna hasara yoyote basi aiandike kwenye akaunti yake yeye Paulo, atalipa, na anaweka mkono wake pale kama mtu anayetia sahihi hundi. Vizuri kabisa. Halafu anaongeza kwamba hatataja habari ya kwamba Filemoni ana deni kwake, deni la nafsi yake mwenyewe. Mnaona hapo? Ameshataja! Kila mwenye ndoa anaijua hiyo sauti. "Mimi sitaki hata kuongea juu ya ile siku ya hospitali." Ukisikia hivyo, tafuta kiti ukae, kwa sababu mnaongea juu ya ile siku ya hospitali. Mimi hufurahi kwamba Roho Mtakatifu aliiacha hiyo sentensi ndani ya Biblia. Inanionyesha kwamba hata mtume alikuwa mtu mwenye kumbukumbu.

Kuna hadithi moja ambayo wahubiri tunaipenda sana, nyinyi mmeisikia. Mtoto anamwandikia mama yake bili: kuosha vyombo kiasi fulani, kufagia uwanja kiasi fulani, kumbeba ndugu mdogo kiasi fulani. Mama anageuza ile karatasi, anaandika upande wake: miezi tisa tumboni, bure, usiku bila usingizi, bure, na kadhalika, bure, bure, bure. Mtoto analia, anafuta deni. Kanisa zima linatoa leso. Nimeisikia labda mara ishirini na, mnisamehe, sijawahi kuipenda. Kwa sababu ukiangalia vizuri, yule mama ameshinda kwa kuleta bili kubwa zaidi. Mtu anayeweza kukuorodheshea mstari kwa mstari mambo aliyokufanyia bure, huyo ana leja. Ameandika sufuri kwenye safu ya bei, lakini safu ya kazi imejaa mpaka chini. Na mtoto ataibeba hiyo karatasi maisha yake yote.

Watoto wenyewe, kusema kweli, huzaliwa wakiwa wahasibu. Wetu ni wawili, msichana wa miaka saba na kijana wa miaka minne. Msichana anajua kwa uhakika ni zamu ya nani kukaa dirishani kwenye matatu, na anajua pia wiki iliyopita nani alipata kikombe cha bluu. Soda ikigawanywa, anainama mpaka macho yawe sawa na ukingo wa glasi, kama mtu wa vipimo na mizani aliyetumwa sokoni. Hapo zamani za ujana wangu wa theolojia ningemwambia aache, upendo hauhesabu. Siku hizi simwambii. Nimegundua kwamba anapopima soda hivyo, mara nyingi ni kwa sababu anaogopa kwamba mdogo wake atapewa yote. Akiwa na hakika kwamba na yeye ana fungu lake, anampa mdogo wake nusu bila kuombwa. Yule mdogo naye hana hesabu kabisa. Atakuletea mandazi ameshaitafuna nusu, imelowa, na anataka uile mbele yake. Unaila. Hakuna mahali pa kuingiza hiyo kwenye vitabu.

Hapo ndipo nilianza kufikiri kwamba labda swali la yule dada halikuwa juu ya nyama.

Tuje kwa njia ya pili ya kuharibu mstari, ile ya kufuli. Mke anasema amechoka. Anasema kwamba anaamka saa kumi na moja, anatayarisha watoto, anaenda kazini, anarudi, anapika, anaosha, analala wa mwisho. Na mume, ambaye hata Biblia yake iko kwenye simu, anafungua 1 Wakorintho 13 na kumsomea. Ati upendo hauhesabu. Ati unahesabu ya nini na wewe ni mtu wa Mungu?

Hapana. Rudini kwa andiko. Paulo hakusema kwamba upendo hauhesabu kazi. Alisema hauhesabu ubaya. Jasho la mtu si ubaya. Mtu akikuambia kazi aliyoifanya, hajafungua leja ya makosa yako, isipokuwa wewe mwenyewe ndani yako umejua kwamba kuna kosa hapo.

Mke wangu ni muuguzi, na kuna wiki anaingia zamu ya usiku. Wiki hizo mimi ndiye mwenye uji, mimi ndiye mwenye kuogesha, mimi ndiye mwenye nywele za msichana. Mwalimu wake akimwona tu getini anajua nyumbani ni zamu ya nani. Kwa sababu ya mambo kama hayo tumebandika karatasi kwenye mlango wa friji: nani anapeleka watoto shule, nani ananunua gesi, nani anatoa takataka, nani anaomba na watoto kabla ya kulala. Ndugu mmoja alipoiona alishtuka. Aliniambia hiyo si ndoa, hiyo ni ofisi, na kwamba nyumbani kwake wao wanaenda kwa upendo, hawana karatasi. Nikamuuliza kwa upole, "Vyombo kwenu vinaoshwa na nani?" Akasema, "Ah, vyombo huwa vinaoshwa tu." Nikakumbuka somo la sarufi darasa la saba. Kauli ya kutendwa. Kitu kinatendwa, mtendaji hayupo kwenye sentensi.

Nyumba nyingi zetu za Kikristo zinaendeshwa kwa kauli ya kutendwa. Nguo zinafuliwa. Watoto wanaogeshwa. Unga unanunuliwa. Na nchi nzima iko hivyo, si kanisa peke yake. Shirika letu la takwimu, KNBS, lilifanya utafiti mwaka wa 2021 kuona Wakenya wanatumia vipi saa zao za siku, na ikaonekana kwamba kwa kazi za nyumbani na za kulea ambazo hakuna anayezilipa, wanawake wanatumia muda wa karibu mara tano ya ule wa wanaume. Mara tano, ndugu zangu. Mwenye kubeba moja anamwambia mwenye kubeba tano asihesabu.

Hata serikali imehesabu. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema kwamba mchango wa mtu kwenye ndoa si pesa peke yake. Kazi za nyumbani ni mchango. Kulea watoto ni mchango, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, na hata kule kuwa mwenzi wa mtu, kukaa naye tu, sheria imekuita mchango. Na Mahakama ya Juu mwezi wa kwanza 2023 ikafafanua kwamba ndoa ikivunjika mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Mimi si wakili na hapa si mahali pa kubishana na majaji. Mimi nafikiria tu siku hiyo yenyewe. Mtu amesimama kotini, miaka ishirini baadaye, anajaribu kuonyesha kwa ushahidi kwamba alikuwa anapika. Risiti ataitoa wapi? Aliyekuwa shahidi wake wa pekee, aliyekula hicho chakula, amekaa upande wa pili na wakili wake.

Kwa hivyo simwambii mtu asihesabu. Namwambia ahesabu vizuri, na hapa nitawatoa darasani kidogo. Mwaka wa 1494, mjini Venice, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kinene cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa pale walivyoweka vitabu vyao. Hakuubuni yeye huo mtindo, aliukuta ukitumika, lakini kila mwanafunzi wa biashara mpaka leo anamjua kwa sababu yake. (Mnaona, mtu wa Mungu alikuwa hapo tangu mwanzo. Msiogope wachungaji wenye kikokotoo.) Mtindo wenyewe ni huu: kila jambo linaandikwa mara mbili. Kama kuna aliyetoa, kuna aliyepokea. Ukiandika upande mmoja tu, vitabu havitalingana, na mkaguzi akija utaulizwa.

Leja za nyumbani zina upande mmoja. Ninakumbuka kwa uhakika usiku ule mtoto alikuwa na homa nikakaa naye mpaka alfajiri. Hiyo imeandikwa kwa wino. Lakini upande wa pili, nani alikaa naye mchana kutwa kabla ya mimi kurudi? Nani alijua ile dawa inapewa vijiko vingapi? Nani alimpigia mwalimu? Mambo hayo yapo, yalitendeka, lakini kwenye vitabu vyangu hayana mstari, kwa sababu hayakuniumiza mgongo mimi. Tunakumbuka tulichobeba kwa sababu kilikuwa kizito. Alichobeba mwenzako huwezi kukisikia uzito wake, lazima umuulize. Ndiyo maana ile karatasi ya friji, hata kama ni ya aibu kidogo wageni wakija, mimi naitetea. Inaandika upande wa pili.

Sasa ubaya wenyewe je? Maana upo. Si kila linalouma nyumbani ni vyombo.

Mathayo 18. Petro anauliza asamehe mara ngapi, anajitolea saba, anafikiri amekuwa mkarimu. Yesu anampa saba mara sabini. Hapo kuna watu wamepiga hesabu wakapata 490 na wakaanza kuhesabu kurudi nyuma. Halafu Bwana anatoa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia moja. Hebu tuiweke kwa shilingi. Dinari ni mshahara wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ni kama dinari 6,000. Tuchukulie kibarua wa mjengo hapa kwetu analipwa 700 kwa siku. Yule mwenzake alidaiwa 70,000. Yule mtumwa mwenyewe alikuwa amesamehewa bilioni 42.

Wahubiri tukifika hapo hupenda kuonyesha ile bilioni 42, na ni sawa, ndiyo injili. Lakini mimi hutaka tuangalie pia ile 70,000. Hiyo si pesa kidogo! Ni zaidi ya miezi mitatu ya kubeba mawe. Yesu hakusema kwamba tunayokoseana ni vitu vidogo. Angeweza kusema dinari mbili, akasema mia. Mtu akikuambia "samehe, ni kitu kidogo," huyo hajasoma mfano vizuri. Tunaambiwa tusamehe kitu kikubwa, kwa sababu tumesamehewa kikubwa zaidi.

Hapa ndipo watu wengi hukwama ofisini kwangu. Tuseme baba wa nyumba amechukua karo ya muhula akaibeti kwa mechi za wikendi, ikaenda. Anatubu. Anakuja mbele, analia machozi ya kweli, tunamwombea. Jumatatu anamwambia mkewe arudishe kadi ya benki. Mke anasema, "Nimekusamehe, lakini karo nitalipa mimi mwenyewe." Mume anakuja kunishtakia kwamba mke wake bado anahesabu mabaya.

Mimi nasema hajahesabu. Kusamehe deni na kukopesha tena ni mambo mawili. Sako yoyote inaweza kufuta deni la mwanachama aliyeshindwa, na haitalazimika kumpa mkopo mpya alasiri ya siku hiyo hiyo. Dalili ya kwamba yule dada amesamehe haiko kwenye kadi. Iko kwenye hili: muhula ujao wakigombana juu ya chumvi, ile karo haitatajwa.

Na upande wa aliyekosa, angalieni Zakayo, Luka 19. Hakuna aliyemletea bili. Yesu yuko nyumbani kwake, hajamuuliza hata senti. Zakayo mwenyewe anasimama, anafungua vitabu vyake, nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Kwa hivyo naona mstari wa Paulo una mwenyewe. Ni wa yule aliyekosewa, ili asikae miaka yote akilinda daftari. Aliyekosa hakupewa mstari huo ajifunike nao. Yeye amepewa mfano wa Zakayo. Nyumba inapona mmoja akifunga kitabu na mwingine akifungua chake. Tatizo huwa tunageuza: aliyeumizwa ndiye anafungua kila jioni, na aliyeumiza ndiye anayesema tufunge tuendelee.

Na niseme haraka, bila utani: mkono ukiinuliwa nyumbani, hapo hatuongei juu ya leja. Toka, tafuta usalama kwanza. Njoo kwetu, nenda kituo cha polisi penye dawati la jinsia, au piga 1195, simu haina malipo. Hakuna mstari wa 1 Wakorintho unaomwambia mtu akae apigwe.

Baada ya hapo kuna hili la wazazi, ambalo vijana wa kanisa wameniuliza sana, hasa wale walioanza kazi juzi. Je, mtoto ana deni kwa mzazi? Wengine wanaumia kweli. Mshahara ukiingia, nusu imeshaitwa nyumbani kabla haijafika. Wazazi wengine wanasema wazi kwamba walisomesha, na sasa ni wakati wa mavuno. Mtoto amekuwa shamba.

Ukimuuliza Paulo, utamkuta ana majibu mawili. Katika 2 Wakorintho 12:14 anasema watoto hawapaswi kuweka akiba kwa ajili ya wazazi, wazazi ndio waweke kwa ajili ya watoto. Vijana wanapenda huo. Lakini katika 1 Timotheo 5:4 anasema watoto na wajukuu wajifunze kuwarudishia wazazi wao, na anatumia lugha ya malipo kabisa. Wazazi wanapenda huo. Mimi nimeisoma hiyo mistari pamoja mara nyingi na sioni kama inagombana. Mzazi anakatazwa kumzaa mtoto kama mradi. Mtoto anakatazwa kupokea kama mtu aliyeokota. Kila mmoja amepewa andiko la kujihubiria mwenyewe, na shida inaanza wakibadilishana.

Mama yangu alinisomesha kwa maziwa ya ng'ombe wawili na chama cha akina mama cha pale kijijini. Sijui ni shilingi ngapi, na yeye nikimuuliza huwa anasema nile chakula kwanza. Kila mwezi namtumia kitu kwa M-Pesa. Baada ya siku tatu napigiwa simu na watu wa basi, kuna mzigo wangu. Nikienda nakuta gunia la maparachichi, ndizi, na kuku mmoja aliyefungwa miguu ananiangalia kwa hasira. Nikijumlisha nauli ya mzigo, boda ya kutoka stendi, na thamani ya maparachichi ambayo njiani yameshakuwa juisi, naona kabisa kwamba ile pesa niliyotuma imerudi yote na hasara juu yake. Kama mtu wa biashara, huo ni mzunguko usio na maana. Nilijaribu kumweleza kwamba parachichi hata huku ziko, mama mboga anazo pale getini. Aliniuliza kama za mama mboga zimetoka kwa mti wake. Sina jibu, na sasa nimenunua gunia la kumrudishia, kwa sababu anayadai magunia yake.

Hayo magunia ndiyo hunielewesha Warumi 13:8. Paulo anatuambia tusiwiwe na mtu kitu chochote, halafu anaacha deni moja lisilolipwa likaisha, nalo ni kupendana. Kwa mhasibu hiyo ni ajabu. Deni lolote lina tarehe ya mwisho. Hili limeachwa wazi makusudi.

Wazee wetu walilijua hili bila Kigiriki. Mimi ni mtu wa magharibi, mke wangu ametoka Murang'a, na wakati wa ruracio nilienda na watu wangu tukiwa tumejipanga. Mwati na harika tulikuwa tumeshapeleka mapema, kama inavyotakiwa. Siku ya mazungumzo nilikuwa na karatasi mfukoni yenye kila kitu, na pesa za kumaliza mambo yote siku moja, niwe mtu asiyedaiwa. Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa uhasibu miaka michache tu. Mjomba wa mke wangu, mzee mwenye kofia, aliposikia kwamba nataka kumaliza alisimamisha mazungumzo. Aliwauliza wazee wangu kama kijana wao ana mpango wa kutorudi tena hapa. Kisha akatueleza, akicheka lakini hakuwa anacheka, kwamba ruracio huwa haimalizwi. Mtu anayemaliza ni kama amenunua kitu dukani, anachukua risiti, anaenda. Akaamua mbuzi wawili wabaki.

Wale mbuzi bado wako kwenye vitabu vya mjomba mpaka leo. Kila Desemba tukifika ananikumbusha mbele ya watu wote, watoto wangu wakisikia, kwamba baba yao ana deni hapa. Mwaka jana msichana wetu alimuuliza ni mbuzi wangapi, na tutalipa lini. Mjomba akamwambia wawili, na hakuna haraka. Halafu akaita vijana wachinje mbuzi, kwa sababu wageni wamefika.